Penseli Mia Nne za Baguio

Pantar Norte,
9 Septemba 1997

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za kwa mwajiri wako. Je, mtoto unayemlea ameizoea shule? Picha yake uliyotuma tumeibandika karibu na kalenda. Majirani wakija huuliza huyu mwenye mashavu ni wa nani, nami huwajibu ni wa Mama wa Hong Kong, basi wanacheka. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua imenyesha nyingi, mpunga wa Mjomba Ambo umesimama vizuri, na nguruwe jike wetu amezaa tisa. Mmoja alikufa, wanane wananyonya.

Nina habari za Lola, Mama, na ni nyingi. Nitazieleza kwa mpangilio kama yeye mwenyewe, mama yako, alivyonifundisha kuandika muhtasari wa mkutano: walioleta jambo, yaliyosemwa, kisha yaliyoamuliwa. Nakuomba uisome hadi mwisho kabla hujafanya lolote.

Unamkumbuka Wilfredo Ancheta aliyekuwa akiuza mbolea karibu na daraja? Ndiye Kapitan wa kijiji chetu tangu uchaguzi wa Mei. Si mtu mbaya. Lakini kazi ya Lola ya ukatibu wa kijiji hutolewa na Kapitan, na Kapitan mpya ana haki ya kumleta wake. Mwezi Julai alikuja nyumbani, akaketi kwenye ngazi, akakataa kahawa mara mbili, akaikubali ya tatu, ndipo akatoa lililomleta. Alisema watu wananung'unika. Tano Mendez alipewa cheti cha ukaazi mara mbili katika wiki moja, na mjane wa Isko ameandikwa kwenye daftari la wakazi kwamba ana mume.

Lola hakupepesa macho. Alimjibu, "Isko hakuonekana nyumbani hata alipokuwa hai. Nani angejua tofauti?"

Kapitan alicheka mpaka kahawa ikamwagika, lakini hakuliacha neno lake. Alisema mwaka huu wakuu wa vijiji wamealikwa siku ya kufunga mkutano wa makatibu kule Baguio kwenye baridi ya milima, naye atakuja. Akimwona Manang Prosing, ndivyo wote wanavyomwita Lola kwa heshima, bado yuko imara mbele ya wenzake, atamwacha kazini mpaka kipindi chake kiishe. Akiona vingine, atatafuta mtu mwingine, na asiwepo wa kununa. Lola alimwambia aje tu, ila asisahau sweta.

Alipoondoka, Lola alikaa kwenye mashine yake ya kutaipu bila kutia karatasi. Miaka thelathini na mmoja, Mama. Mimi nilikuwa nikichambua mchele, nikajifanya sioni.

Sina haja ya kukueleza mkutano wa Baguio ulikuwa nini nyumbani mwetu. Wewe ndiye uliyenisimulia kwamba ulipokuwa mdogo uliufungua mkoba wake akiwa bado anavua viatu, ukatia kichwa ndani, kwa sababu ulinukia misonobari. Kwangu mimi ilikuwa jamu ya stroberi, ufagio mpya, na penseli yenye mwaka umechapwa ubavuni. Ninazo kumi na moja, sijachonga hata moja. Usiku ule wa kurudi alikuwa akilala mkekani nami akihadithia. Fulani alikoroma hadi mwenye hoteli akagonga mlango. Mtaalamu kutoka Manila alikosea jina la sheria, akasahihishwa na mama mmoja wa nyuma aliyekuwa akisuka kofia. Na Consuelo wa Santa Ines, kama kawaida yake, alisimama kabla mwenyekiti hajamaliza kushukuru, akatoa hoja mkutano ufungwe, kwa kuwa wauza mifagio hawangoji serikali. Kila mwaka Consuelo, kila mwaka mifagio. Sikuwahi kumwona lakini nilimjua kuliko walimu wangu. Nilikua nikidhani serikali ni kazi ya wanawake waliovaa sweta, wanaochekana.

Safari hii Lola alisema macho yake yanahitaji mtu wa kusoma vibao vya mabasi, basi nikaenda naye. Mama, kila kitu kilikuwa kama alivyosema! Ukungu uliingia mpaka ndani ya ukumbi. Kila wilaya ilivaa fulana za rangi moja, sisi tulikuwa wa manjano, na asubuhi makatibu wote mia nne walifanya mazoezi ya viungo uwanjani huku wakilaumiana kwa unene. Kwenye meza ndefu walibadilishana fomu na madaftari kama watu wanaobadilishana mbegu. Nilimwona mama mmoja akimfundisha mwenzake namna ya kuandika suluhu ya ugomvi wa nguruwe, ili pande zote mbili wakiisoma kila mmoja aone ameshinda. Lola aliinakili.

Mtaalamu wa mwaka huu alileta kompyuta. Alisema miaka michache ijayo itatunza wakazi wote wa kijiji ndani yake. Mzee mmoja wa fulana za kijani akauliza, kijijini kwake kuna Juan Cariño watatu, mmoja amehama na mmoja amefukuzwa na mkewe lakini analala jikoni. Je, kompyuta itajua ni yupi? Mtaalamu alisema itategemea anayeiingizia habari. Ukumbi mzima ukasema, "Ahaaa!" kwa furaha, kana kwamba wamemkamata mwizi wa kuku.

Watu walimjia Lola mfululizo, wakaushika mkono wake na kuuweka kwenye mapaji ya nyuso zao kwa heshima. Aliwajibu wote kwa majina na kuwauliza habari za watoto. Mama, majina yale nilikuwa nikimnong'oneza mimi. Kila mtu alivaa beji kifuani, nami nikajifunza kuzisoma mtu akiwa bado mbali. Unajua nilivyo, kumsalimu mgeni mmoja tu hunitoa jasho, lakini siku zile mbili nilitazama vifua vya watu kama polisi. Pale nilipochelewa, Lola alimwita mtu kwa jina la mama yake. Walidhani ni utani wake.

Sasa siku ya tatu. Lazima nikueleze desturi yao, maana Lola hakukusimulia sehemu hii vizuri, aliona ni jambo la kazi tu. Asubuhi ya mwisho husomwa muhtasari wa mkutano wa mwaka uliopita, na anayeusoma ndiye aliyeuandika. Kila katibu hupewa nakala na penseli, kisha wanawinda makosa. Anayeona kosa husimama na kulitaja, linasahihishwa palepale, na mwandishi akizidisha makosa matano huimbishwa mbele ya watu. Kwa makatibu hakuna aibu kuliko hiyo, na hakuna mchezo wanaoupenda kuliko huo. Muhtasari ukishathibitishwa haufutwi tena. Lola ameandika muhtasari wa mkutano ule kwa miaka kumi na mmoja, na hajawahi kuimba.

Kapitan Ancheta alifika na sweta ya kuazima, mikono mifupi, akakaa karibu nami nyuma. Lola alipanda jukwaani na kurasa zake kumi na nne. Alisoma vizuri, Mama. Sauti yake ilikuwa ileile ya kuita watu kwenye chanjo. Ukurasa wa tatu Manang Pacing akasimama. Huyu Pacing ndiye katibu wa Santa Ines siku hizi, mnene, ana kicheko cha kukohoa. Alisema idadi ya wajumbe imeandikwa mia tatu tisini na mbili, ilhali jumla inaleta tisini na tatu.

"Huyo mmoja alikuwa wewe," Lola akamwambia. "Ulikuwa msalani tangu uji wa asubuhi."

Walicheka hadi mwenyekiti, Mang Teodulo, akagonga meza kwa kiatu. Ikasahihishwa. Ukurasa wa tisa likapatikana kosa la pili, tarehe. Kisha hakuna tena. Kapitan alianza kutikisa kichwa kwa mshangao. Mimi nilikuwa nimebana viganja vyangu kati ya magoti, kwa sababu nilijua kitu ambacho yeye hakujua, nacho nitakieleza.

Ukurasa wa kumi na nne, mstari wa mwisho, Lola alisoma kwamba hoja ya kufunga mkutano ilitolewa na Bibi Consuelo Tabios wa Santa Ines. Kisha akatazama ukumbini akitabasamu, kama mtu anayemtafuta rafiki yake kwenye safu za viti.

Sauti ya karatasi ilikoma. Mama, penseli mia nne zilisimama hewani na hakuna iliyoandika. Nilimwona mwanamke aliyekaa mbele yangu, wa fulana ya buluu, akiweka yake chini taratibu mno, asije akasikika. Nilimnong'oneza kuna nini, akaniambia bila kugeuka kwamba Consuelo alizikwa mwaka tisini na nne.

Nilitaka ardhi inimeze. Kwa sababu mstari ule niliutaipu mimi. Muhtasari wote niliutaipu mimi, kwenye meza yetu, mwezi Oktoba mwaka jana nikitoka shule. Daftari la Lola lilikuwa na hati mkato yake kurasa za mwanzo, lakini kurasa za mwisho zilikuwa maneno mawili matatu na maua aliyochora. Kila nilipokwama nilimwuliza, naye alinijibu bila kusita. Nilimwuliza nani alitoa hoja ya kufunga. Akasema, "Nani mwingine? Consuelo." Nikaona ni sawa, kwani si ndivyo nilivyosikia maisha yangu yote? Zile namba mbaya na tarehe mbaya ni zangu. Lakini Consuelo alikuwa wa kwake.

Manang Pacing akasimama. Yeye ndiye aliyerithi kiti cha marehemu, hakuna aliyekuwa na haki kubwa zaidi ya kusahihisha. Nilifumba macho. Kapitan akaniuliza kwa sauti ndogo kama hilo litakuwa kosa la tatu.

Pacing alisema, polepole, "Mheshimiwa mwenyekiti, natoa hoja muhtasari uthibitishwe kama ulivyosomwa."

Mang Teodulo alivua miwani, akaifuta kwa fulana, akauliza kama yupo anayeunga mkono. Nikasikia viti. Nilipofumbua macho wote walikuwa wamesimama, rangi zote, wengine na penseli mikononi. Watu wale, Mama, ambao walibishana nusu saa juu ya tarehe! Kapitan akaniuliza wamesimama kwa nini. Nilimjibu kwamba ni desturi. Akasema makosa mawili katika kurasa kumi na nne, kwa umri ule, yeye mwenyewe hawezi kuandika risiti ya mbolea bila kukosea. Kabla ya picha ya pamoja alimfuata Lola na kumwambia kazi ni yake mpaka kipindi kiishe. Lola akamshukuru na kumwambia atamjibu kwa maandishi. Tulisimama kwenye ngazi chini ya bango tukapigwa picha. Mimi nimejificha nyuma ya fulana za kijani, picha ikikufikia utaona sikio tu.

Alasiri, sokoni, Manang Pacing alinishika kiwiko kati ya mifagio. Aliniuliza nani alitaipu. Nikamwambia. Akasema alijua tangu ukurasa wa kwanza, kwani Prosing hupiga herufi kana kwamba zimemtukana, na hizi zilikuwa zimepapaswa. Hakunigombeza. Alininunulia mahindi ya kuchoma, akasema mkutano wa mwaka ni wao wenyewe, wakitaka Consuelo akae humo mwaka mmoja zaidi ni hiari yao, na isitoshe Consuelo angefurahi. Lakini vyeti vya kijijini si vyao. Mtu anakwenda na karatasi ile hospitali, anakwenda nayo kazini. "Sisi tumempa ya leo, ineng, binti yangu," alisema. "Ya kesho hatuna."

Nilidhani ningebeba siri hiyo peke yangu. Lakini kwenye basi, tukishuka zile kona, Lola aliyekuwa kama amelala aliniambia, "Consuelo alikufa, sivyo?"

Nilijifanya nasoma kibao cha barabarani. Akasema, "Miaka yote hii nawinda makosa ya wenzangu. Unadhani siijui sauti ya penseli zikisimama?" Halafu akageukia dirishani. Tulipofika tambarare akaniambia kwamba walimfanyia jambo kubwa, na mtu akifanyiwa kubwa hangoji kufanyiwa la pili.

Jumatatu iliyofuata alinikalisha kwenye mashine, akanisomea barua ya kujiuzulu. Ilikuwa fupi na haikuwa na kosa. Aliitia sahihi mwenyewe na akaenda kuipeleka kwa miguu, amevaa fulana ya manjano. Kapitan aliisoma mara mbili na kulia, nimeambiwa na mkewe. Amemteua binti wa Mjomba Ambo, yule aliyesomea ukarani, na Lola anamfundisha asubuhi, siku zile ambazo asubuhi ni nzuri. Siku nyingine humwita kwa jina lako.

Hayo ndiyo ya Lola. Sasa la kwangu, Mama.

Baada ya kuipeleka barua ile, jioni hiyohiyo, Lola aliniuliza swali. Alisema kama nilitaipu muhtasari, na vyeti, na taarifa za robo mwaka, basi barua zako wewe, Nenita wake, anazijibu nani? Nikamwambia ni mimi. Barua nne zilizopita ulizopata kutoka kwake, tangu Januari, niliziandika mimi. Nilijua anavyoanza na anavyomaliza, nilijua atakavyokutania kuhusu goti. Sahihi niliiga. Mara ya kwanza alikuwa ameketi nami akaishia katikati ya sentensi, nikaona haya kukutumia barua iliyokatika, nikaimalizia. Baada ya hapo haikuwa vigumu.

Na ile yako ya Juni, ulimomwuliza kama utie sahihi mkataba mwingine wa miaka miwili au urudi, hakuisikia kamwe. Nilimsomea mistari ya mwanzo, akasinzia. Jibu kwamba utie sahihi, kwamba yeye bado ana nguvu za carabao wa kulimia mpunga na asikuone nyumbani kabla ya mwaka tisini na tisa, ni langu. Nilidhani ndivyo angesema. Pia niliogopa, kwa sababu ukirudi ungeona alivyo, na ungejua nimekuficha mwaka mzima.

Nilimweleza Lola yote. Kisha akasema, "Hilo sikulisema mimi." Mara moja tu, bila hasira.

Mama, barua yako inasema karatasi zinatakiwa mwisho wa Septemba. Kama hujatia sahihi, usitie. Kama umeshatia, mwombe mwajiri wako ruhusa, hata ya wiki mbili, na umweleze ukweli. Daktari wa mjini anasema hataki kubashiri, lakini aliniuliza uko umbali gani. Siwezi kuomba unisamehe kwenye karatasi. Nitaomba ukiwa hapa, na ukitaka kunichapa nitakaa nichapwe.

Jana Lola alitaka kukuandikia mwenyewe. Nilimpa kalamu na karatasi iliyoambatana na hii. Ameandika "Mwanangu Nenita," akaweka mkato, akakaa na kalamu mpaka chai ikapoa, kisha akaniuliza alikuwa anataka kusema nini. Nilikuwa na maneno tele, Mama, yangeijaza karatasi yote na usingejua. Nimeiacha kama alivyoiacha.

Mjomba Ambo na Manang Pacing, ambaye alipita hapa Jumapili na ndizi, wanakusalimu. Mpe salamu mtoto mwenye mashavu. Jikande goti kwa maji ya moto na usilale na nywele mbichi.

Mwanao,
Araceli